Kiluma Hakichezwi

Risala ya wavunaji wa Iviani, Matiliku, kwa Daktari Waringa Ngure, Mwenyekiti wa Bodi ya Mradi wa Mimea ya Dawa. Inasomwa na katibu wa kikundi, Mutindi Kisilu.

Mgeni rasmi Daktari Waringa Ngure, chifu wetu, mchungaji wetu, maafisa wa mradi na majirani wote:

Leo saa mbili na robo asubuhi, gari la mradi lilishusha ngoma mbili kubwa na mfuko wa njuga mbele ya hema hili. Mwenyekiti wetu, Mama Kalunde Mutisya, ambaye ni shemasi wa kanisa na ana miaka sabini na moja, alikuwa akipanga viti. Dereva alimwendea. Waliokuwa karibu walisikia, kwa hiyo tunanakili walivyosema.

"Mwaitu, mama yetu, mtavaa saa ngapi?"

"Kwani unaniona uchi?"

"Nguo za kilumi, mama. Za kucheza."

"Kijana, hizo ngoma rudisha kwa gari."

"Nimeambiwa nishushe. Kurudisha sijaambiwa."

Kwa hiyo ngoma ziko hapo, mkono wako wa kulia. Kipengele cha nne cha ratiba uliyopewa kinasema, "Burudani: Wachezaji wa Kilumi, Iviani." Watu hao ni sisi, na hatutacheza. Mshereheshaji alitusihi tucheze kidogo tu, risala ije baadaye. Tulimjibu kwamba risala itatangulia na ngoma haitafuata. Tunaomba utusikilize hadi mwisho, kwa sababu kosa lililoleta ngoma hizo hapa ndilo lililotufungia kilima.

MAKARIBISHO

Karibu Iviani. Umetoka mbali na umepita njia ya vumbi. Baada ya hotuba utapata muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku wa kienyeji na chai iliyotiwa maziwa ya kutosha. Chakula hicho ni cha mgeni, na utakula hata kama hatutakubaliana. Tumeanza na hili ili maneno yatakayofuata yasichukuliwe kuwa ukosefu wa heshima.

TULIVYOANZA

Sisi ni kikundi cha wavunaji wa kiluma. Kiluma ni jina la Kikamba la shubiri mwitu, mmea wenye majani manene yenye miiba pembeni na maua mekundu, unaomea kwenye mawe ya kilima unachokiona nyuma ya shule hii. Jani likikatwa hutoa utomvu wa manjano ambao ni mchungu sana. Utomvu huo tunauchemsha hadi uwe donge jeusi, kisha tunaliuza kwa watengenezaji wa dawa na sabuni.

Mama zetu waliutumia kabla yetu. Waliutia kwenye maji ya kuku wakati wa kideri, wakaupaka kwenye vidonda vya ng'ombe, na mtoto aliyekataa kuacha kunyonya aliupata kwenye titi. Hatudai zaidi ya hayo. Ukipita Salama, kando ya barabara kuu, utakutana na watu wanaouza chupa za maji ya kijani na kutangaza kwamba zinaponya kisukari, saratani na ndoa. Hao si sisi. Tumewahi kuwaomba waache kutaja Iviani kwenye chupa zao. Mmoja alituambia, "Akina mama, nyinyi mna kitu kichungu na hamjui kuongea. Mimi naongea." Bado anaongea.

Tulianza tukiwa akina mama wa ushirika mmoja wa kanisa, mwaka ambao mahindi yalikauka mara mbili. Baadaye wanaume wachache waliingia. Tulijiwekea kanuni tatu. Kwanza, hukatwa majani ya chini tu, na ya katikati huachwa. Pili, mmea uliokatwa haurudiwi mpaka makovu yake yakauke na majani mapya yafunguke. Tatu, hakuna anayeng'oa.

Kanuni ya tatu ilijaribiwa mwaka 2014. Lori lilikuja usiku kutoka nje ya kaunti, na kulipokucha lilikuwa limejaa viluma vilivyong'olewa na mizizi yake. Kalekye Mutisya, aliyeolewa katika ukoo mmoja na Mama Kalunde, alikwenda akaketi barabarani mbele ya magurudumu.

"Mama, toka. Nitakukanyaga," dereva alimwambia.

"Kanyaga. Lakini kwanza shusha."

"Hii ni majani tu!"

"Kama ni majani tu, mbona umekuja na lori?"

Walioshuhudia wako hapa. Lori lilishusha mzigo wote kabla ya saa sita mchana. Nusu ya mimea hiyo ilikufa. Iliyosalia tuliirudisha mlimani kwa mikono yetu, na baadhi yake inaonekana kutoka hapa ulipokaa.

MAHALI KILUMA KINAPOMEA, NA KWA NINI

Sehemu hii ni ndefu. Hatuwezi kuifupisha, maana uamuzi unaotakiwa kwetu leo unategemea hoja zilizomo.

Kiluma cha hapa hakitoi machipukizi pembeni kama mgomba. Huzaliwa kwa mbegu. Mbegu ni nyepesi, hubebwa na upepo, na nyingi hufa. Inayopona ni ile iliyoangukia kwenye ufa wa jiwe au chini ya kichaka kidogo, mahali penye kivuli chepesi kwa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo mmea unataka jua lote. Unataka udongo mwembamba wenye mchanga na kokoto, usioshika maji. Iviani, mvua ya usiku huwa imekauka kabla ya mtu kumaliza chai ya asubuhi. Mizizi hunywa haraka, kisha hukaa na kiu.

Kiu hiyo ndiyo inayotengeneza kile tunachouza. Mmea uliopata maji kidogo na jua kali hubadilika rangi, ukawa wa kahawia nyekundu. Mgeni asiyejua hudhani unakufa. Utomvu wake wakati huo ni mzito na mchungu, na uchungu huo ndio unaozuia mbuzi na wadudu kuumaliza. Sisi hukata majuma machache baada ya mvua za Novemba kwisha, utomvu ukiwa bado unatiririka lakini jani limeanza kugeuka rangi. Mapema kuliko hapo ni maji. Ukichelewa sana, hakuna kitu kinachodondoka.

Kwa kifupi, mmea huu ukitunzwa kama sukumawiki hunenepa na kupoteza kazi yake.

HERUFI MOJA

Miaka minne iliyopita mradi wako ulitangaza kwamba vikundi vilivyosajiliwa ndivyo vitakavyotambuliwa. Tulimtuma Mama Kalunde mjini. Karani aliyempokea ni kijana wa huku kwetu, Mkamba kama sisi, lakini aliyekulia mjini. Mama alitaja jina la kikundi: Kiluma, Iviani. Kijana hakuwahi kuuona mmea huo. Alichowahi kuona, kwenye tamasha za utamaduni, ni kilumi, ngoma ya kale ambayo akina mama wazee waliicheza kuita pepo na kuomba mvua. Alimtazama mwanamke mzee aliyefunga leso, akadhani amekosea kutamka, akamsahihisha. Aliandika Kilumi.

Mgeni rasmi, kwa asiyejua Kikamba hii ni herufi moja. Kwetu, herufi hiyo iliwaweka mashemasi na walimu wa shule ya Jumapili miongoni mwa wanaopandisha pepo.

Mchungaji Kitheka, ambaye yuko hapa na ameturuhusu tulisimulie hili, alisikia habari hizo kwa watu. Alimwita Mama Kalunde ofisini.

"Shemasi, ni kweli mnacheza kilumi?"

"Mchungaji, na hili goti langu?"

"Serikali imeandika."

"Serikali iliandika pia kwamba nilizaliwa tarehe moja Januari. Kijiji kizima kilizaliwa siku hiyo?"

Mchungaji alicheka, lakini baraza la kanisa halikucheka. Wanachama wetu watatu waliondolewa kwenye kwaya mpaka jambo lichunguzwe, nao walikaa nje tangu mavuno hadi Pasaka. Tulikwenda kuomba jina lisahihishwe. Mara ya kwanza tuliambiwa turudi na muhtasari wa mkutano. Tulirudi nao. Mara ya pili tulitakiwa kupeleka picha ya wanachama wakiwa na mavazi rasmi ya ngoma. Hatukurudi mara ya tatu.

Madhara makubwa yalifuata. Sheria inamtaka anayevuna shubiri mwitu awe na kibali. Tunakubaliana na sheria hiyo. Kama ingefuatwa mwaka 2014, lori lile lisingefika. Tulipoomba kibali kwa jina la kikundi, tulijibiwa kwamba kikundi cha burudani hakivuni mimea. Kisha wapimaji wa mradi walipochora ramani ya kilima, waliangalia orodha ya vikundi, hawakuona wavunaji, wakaandika kwamba Iviani haina watumiaji. Penye kilima kisicho na watumiaji, seng'enge huwekwa bila kuuliza mtu. Iliwekwa Septemba. Lango likafungwa, na funguo zikakaa kwa mlinzi wa mradi. Mlinzi huyo ni mtoto wa jirani yetu, na ni kijana mwenye adabu. Kila asubuhi hutuamkia, kisha hutuambia hapana.

TULIYOYAFANYA

Hatukuja kulia, kwa hiyo tutataja kazi pia. Kwenye mteremko ule lori lilikong'oa, leo kuna viluma vipya tulivyovikuza kutoka kwa mbegu, kwenye vitanda vya mchanga na kokoto. Mradi haukutoa hata kimoja kati ya hivyo. Mnunuzi wetu hajawahi kurudisha mzigo. Hakuna mwanachama aliyewahi kukamatwa kwa kung'oa. Shule hii inatumia sufuria zetu siku za mitihani, nasi tunatumia jiko lao siku za kuchemsha. Mwalimu mkuu hulalamika kwamba ugali wa wanafunzi unakuwa mchungu. Tumekubali lalamiko lake na tumeongeza sabuni.

KANYANGI

Hati iliyo mezani mbele yako inasema kwamba tutaacha Iviani na badala yake tutapewa shamba bondeni, lenye mipira ya kumwagilia, wavu wa kivuli na mbolea, kama walivyopewa wenzetu wa Kanyangi, upande wa Kitui. Picha za shamba hilo zimebandikwa kwenye gari lako. Ni picha nzuri. Tulikwenda kuliona lenyewe.

Mwenyekiti wa wenzetu hao, Kasyoki, alitupokea. Viluma vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyetu, vya kijani kibichi, vimesimama kwa mistari. Mmoja wetu alipiga kelele kwa furaha. Kasyoki alimwambia, "Ngoja kwanza ukate." Tulikata. Ulitoka utomvu mwingi, mwepesi, unaokimbia kama maji ya mchele. Mimea iliyokuwa karibu na mipira ilikuwa imeoza mizizi, na ukiisukuma kwa kidole inalala.

Alitusimulia siku mnunuzi alipomrudishia mzigo wa kwanza.

"Mama, mmeongeza maji humu."

"Mimi sijaongeza. Mpira ndio umeongeza."

"Mpira gani?"

"Huo uliozinduliwa na mradi kwa keki."

Mnunuzi hakurudi. Wenzetu wa Kanyangi sasa wanaitwa wadanganyifu, na kilima walichokiacha nacho kimezungushiwa seng'enge. Hawana pa kurudi. Kasyoki anatupa ruhusa tuseme hivyo kwa jina lake.

Hatukutegemea maneno ya Kasyoki peke yake. Kabla ya hapo, tulikuwa tumempa miche iliyotoka kwenye mbegu za mmea mmoja, na ndugu za miche hiyo tulizibakiza hapa. Mwaka huu yote imefikia umri wa kukatwa. Tulichukua kipimo sawa cha utomvu, tukauchemsha kwenye sufuria mbili za aina moja, kwa moto mmoja. Wa Iviani uliacha donge lililojaa kiganja. Wa Kanyangi uliacha utando uliohitaji kukwanguliwa kwa kijiko. Bwana shamba wa mradi, Mathenge, alikuwepo kwa hiari yake. Alionja kabla hatujachemsha. Wa Kanyangi aliumeza. Wa Iviani aliutema, akaomba maji, kisha akasema, "Sasa hii ndiyo dawa." Yuko hapa, unaweza kumuuliza. Tunajua yeye ni mwajiriwa na tusingependa apate shida kwa kusema alichoonja.

Jaribio moja si utafiti kamili. Huenda kuna namna ya kulima kiluma bondeni bila kukiharibu, kwa kukinyima maji kwa mpango. Mkiipata, tutakuja kujifunza. Mpaka hapo, kinachojulikana ni kwamba mbegu ileile iliyolelewa mahali pawili imetoa vitu viwili, na kimoja tu ndicho kinachouzika.

TUNACHOKATAA NA TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatutatia sahihi hati hiyo.

Tumeambiwa kwamba tukikataa tutaonekana tunapinga maendeleo. Tumeambiwa pia kwamba kikundi kingine, kilicho tayari kucheza na kutia sahihi, kinaweza kupatikana kabla ya Jumatatu. Inawezekana. Lakini hakitakuwa kikundi kinachojua mmea upi ulikatwa mwaka jana.

Tunaomba mambo machache. Jina lisahihishwe pale lilipokosewa, bila sisi kupigwa picha tukiwa tumefunga njuga. Ramani ya Iviani iandikwe upya kuonyesha kwamba kilima kina wavunaji, na tangu lini. Lango libaki kama mnataka, maana linazuia malori, ila ufunguo mmoja ukae kwetu. Kibali kitolewe kwa kikundi, pamoja na kanuni zetu tatu, na anayezivunja ashtakiwe, hata akiwa mmoja wetu. Wenzetu wa Kanyangi wafunguliwe kilima chao. Na ngoma zipelekwe kwa watu wanaozipiga. Wapo, wana ujuzi wao, na hawajapata msaada wowote kwa sababu sisi tuliandikwa mahali pao.

Tunajua kwamba katika maeneo haya makavu risala huomba maji. Nyumbani maji tunayahitaji, na tutayaomba siku nyingine kwa ofisi nyingine. Kilimani hatuyataki.

HITIMISHO

Kibali cha zamani cha Mama Kalunde, kilichotolewa kwa jina lake pamoja na wasaidizi wake, kinaisha mwisho wa Machi. Leo ni Februari. Mvua za Novemba zilikwisha, na majani yameanza kugeuka rangi. Kisheria, kazi ya msimu huu ni halali, na seng'enge haikufika upande wa mashariki, kwenye majabali.

Kwa hiyo wanachama unaowaona hapa ni nusu. Tunakuomba radhi kwa viti vilivyo tupu. Nusu nyingine, wakiongozwa na Syombua Kisilu, walipanda Iviani alfajiri.

Mwenyezi Mungu akupe safari njema ya kurudi, aipe nyumba yako afya, na akupe ujasiri wa kuwaambia wenzako wa bodi ulichokisikia hapa kama kilivyosemwa.

Sisi ni Kikundi cha Kiluma cha Iviani. Saa nne kasoro dakika kumi, ulipokuwa ukishuka kwenye gari, Syombua alipiga simu kutoka juu. Majani ya kwanza yamekatwa, na utomvu umeanza kudondoka debeni.